Nilidhani Pamba ana huzuni, kumbe ni manyoya

Kuna kipindi Pamba aliacha kuja mlangoni. Kwa mtu asiyefuga mbwa hiyo ni habari ndogo lakini wewe unayefuga unanielewa, mbwa ambaye miaka yote akisikia tu funguo zinalia anakuja mbio mpaka anateleza kwenye kona, afu siku moja unafungua mlango unamkuta kalala palepale, anakuangalia, mkia unapiga sakafu mara mbili tatu basi, kichwa kinarudi chini. Siku ya kwanza nikasema kachoka. Siku ya tatu nikasema labda ni joto. Wiki ya pili nikaanza kuogopa kweli.

Na kulikuwa na vitu vingine vidogo vidogo ambavyo nilikuja kuviunganisha baadaye, wakati ule nilikuwa naviona kimoja kimoja tu. Alikuwa hapandi tena kwenye kochi. Ukimshika upande wa shingo anainuka, hangurumi wala nini, anainuka tu taratibu anaenda kulala mbali kidogo. Mpira wake ukimrushia anausindikiza kwa macho. Kaka yangu akasema huyo kazeeka mwache apumzike, na mi nikakubali nusu maana miaka 8 kwa mbwa wa ukubwa wake si utoto tena. Dada yangu akasema hapana, ana huzuni, mtafutieni mwenzake. Nikanunua midoli mipya, nikaongeza muda wa kutembea naye jioni, nikawa nakaa naye sakafuni naongea naye, hakuna kilichobadilika, na matembezi yenyewe akawa anaomba kurudi tukiwa hata hatujafika mbali.

Basi nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Dokta akampima joto, 38.6, ambayo kwa mbwa ni kawaida kabisa maana joto lao liko juu kuliko letu, linacheza kati ya 38 na 39 na kidogo. Akasikiliza moyo, akaangalia meno, akabonyeza tumbo, akakunja na kukunjua miguu ya nyuma. Yote sawa. Afu akapitisha mkono nyuma ya sikio la kushoto na Pamba akashtuka, akapitisha kwapani akashtuka tena, safari hii akageuza kichwa haraka akaulamba mkono wa dokta, na mi nikaona amempenda dokta. Dokta akaniambia, "Dada, lete mkono wako hapa. Usiishie juu, ingiza vidole mpaka uguse ngozi." Nikaingiza vidole. Havikufika.

Chini ya yale manyoya ya juu meupe mazuri, ambayo nilikuwa nayachana kila Jumapili tena kwa moyo wote, kulikuwa na kitu kigumu kama kipande cha zulia kimebandikwa kwenye mwili wa mbwa wangu. Nyuma ya masikio yote mawili, chini ya mkanda wa shingo, makwapa yote, na kwenye kinena. Dokta akayapasua kidogo akanionyesha ngozi ya chini, nyekundu, ina unyevu, sehemu moja imeanza kuchubuka. Nililia palepale mbele ya watu sioni hata aibu.

Sasa ngoja nieleze hiki kitu vizuri kwasababu naamini kuna mtu anasoma hapa na mbwa wake yuko hivohivo na hajui. Mbwa wengi wenye manyoya mengi wana safu mbili, ya juu ni yale marefu magumu kidogo ambayo ndo unayaona, ya chini ni laini sana kama pamba ya kutolea dawa, ndo inayomkinga na baridi na hata joto. Yale ya chini yanadondoka kila wakati. Kama hayatolewi yanabaki humohumo ndani yanajisokota na yale mazima, na sehemu zinazosuguana ndo zinaanza, yaani nyuma ya sikio anapojikuna, kwapani mguu unapopita, chini ya mkanda. Linaanza fundo dogo la ukubwa wa harage, linavuta na jirani zake, afu linakaza. Na likishakaza kila hatua anayopiga linavuta ngozi. Jaribu kufunga nywele zako mkia mmoja uliobana sana ukae nao siku nzima mpaka usiku unapoachia kichwa kinauma, afu fikiria hizo nywele ziko kwapani na huwezi kuzifungua, na huna mdomo wa kusema.

Kumbe ndo maana hapandi kochi. Kuruka kunanyoosha kwapa. Kumbe ndo maana anakimbia mkono shingoni. Na yale matembezi anayoomba kurudi. Tulikuwa tunaita uzee, tunaita huzuni, na mbwa alikuwa anavutwa ngozi kila anapotembea.

Dokta aliyanyoa yote kwa mashine, taratibu, karibu saa nzima, akaniambia kitu ambacho nawaomba mkishike: usichukue mkasi nyumbani ukakata fundo lililoshika ngozi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na fundo linaivuta juu, inaingia ndani ya fundo lenyewe, wewe unadhani unakata manyoya kumbe unakata mbwa. Na usimuogeshe kwanza ukitegemea maji yatalainisha. Maji yanakaza. Fundo likilowa likakauka linakuwa gumu zaidi ya mwanzo na chini yake unyevu unabaki, ngozi inaoza polepole. Mimi nilikuwa nimemuogesha wiki mbili kabla ya pale, nikijua namsaidia.

Tulirudi nyumbani na Pamba amejaa mabaka, hapa ana manyoya pale hana, lakini jioni ile nataka niiandike vile ilivyokuwa. Alifika, akajikung'uta mwili mzima kuanzia kichwa mpaka ncha ya mkia, akasimama kama anasikiliza kitu. Akajikung'uta tena. Afu akaanza kukimbia. Akazunguka meza, akapita chini ya viti, akaingia chumbani akatoka, masikio yamelala nyuma, makalio yameshuka chini, akapanda kochi akashuka akapanda tena, dakika nzima au zaidi, mwisho akajirusha chali katikati ya zulia miguu juu anajisugua mgongo huku anatoa kile kisauti cha puani. Mbwa wa miaka 8. Kaka yangu aliyesema kazeeka alikuwa amesimama mlangoni na hakusema neno.

Ndo siku niliyoanza kulichukulia suala la usafi wa mbwa kwa namna nyingine kabisa. Watu wanaongelea kumuogesha na kumchana mbwa kama urembo, apendeze, anukie, apigwe picha. Na wengine wanaona ni kudeka tu, mbwa ni mbwa. Mimi nasema hali ya moyo ya mbwa iko kwenye ngozi yake, kwenye kucha zake, kwenye masikio yake, kabla haijafika kwenye midoli na matembezi. Mbwa mwenye kitu kinachomkera mwilini saa 24 hawezi kuchangamka hata umnunulie nini. Ukimtolea hicho kitu, yeye mwenyewe anarudi.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu ya pili ilinichukua muda zaidi na nilikosea sana njiani.

Baada ya pale nikaapa hatapata fundo tena maishani mwake. Nikanunua vifaa. Nikapanga siku ya kuoga. Nikamuita, nikamfungia bafuni, nikafungua maji, na sakafu ile ikilowa inateleza kwahiyo miguu yake ikawa inaenda huku na huku anajaribu kusimama, maji yanatoka kwa kasi yanapiga kelele ukutani, nikamwagia kichwani moja kwa moja, na shampuu niliyotumia ilikuwa yangu mwenyewe, ile inayonukia maua. Nikamsugua vizuri sana, kwa upendo kabisa naapa. Alivyotoka hakukimbia kwa furaha. Aliingia chini ya kitanda akakaa mpaka usiku, na siku mbili zilizofuata kila nikielekea upande wa bafuni anaondoka sebuleni.

Yani msafi, ananukia, manyoya yanang'aa, na hana raha kabisa. Hapo ndo nikaelewa kwamba kuna kumfanyia mbwa usafi na kuna kumfanyia mbwa raha, na kwa nje vinafanana.

Tuanze na hiyo harufu. Pua ya mbwa ina vipokea harufu mpaka kama milioni 300, sisi tuna kama milioni 6. Kile ninachosikia mimi kama maua kwa mbali, kwake ni kama mtu kamwagia chupa nzima ya pafyumu usoni na hawezi kutoka humo ndani maana ni mwili wake wenyewe unaonuka. Na harufu yake ya asili ndo utambulisho wake, ndo anavyojijua, ndo mbwa wenzake wanavyomjua, kwahiyo usishangae ukimuogesha na manukato akatoka hapo akaenda kujigaragaza kwenye mchanga. Kingine ni ngozi yenyewe, ya kwetu ina asidi zaidi, ya mbwa haina asidi kiasi hicho, kwahiyo sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu inamkausha na kumuwasha. Anawashwa, anajikuna, anajikuna mpaka vidonda, na tunarudi palepale kwenye mbwa asiye na furaha. Shampuu ya mbwa, isiyo na harufu au yenye harufu ndogo sana, basi. Na suuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa, afu suuza tena mara moja ya ziada, mabaki ya sabuni kwenye yale manyoya ya ndani yanawasha vibaya mno.

Kitu kilichobadilisha mambo zaidi kuliko vyote bafuni ni mkeka wa mpira. Naomba niurudie, mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza. Hofu kubwa ya Pamba haikuwa maji, ilikuwa miguu kukosa pa kushika, na nilivyoweka ule mkeka ilikuwa kama nimebadilisha mbwa. Taulo nene iliyokunjwa inafanya kazi hiyohiyo. Halafu maji ya uvuguvugu, ukiweka ndani ya kiwiko chako usisikie moto wala baridi, na kikombe badala ya bomba maana bomba lina kelele na masikio yao yanasikia mpaka sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii kabisa, sisi tunaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde wao wanafika kama 45,000. Anza miguuni panda juu. Uso usimwagie, tumia kitambaa chenye maji. Kikausho cha nywele mimi nimekiacha, nina taulo mbili, ya kwanza ya kukamua na ya pili ya kumkumbatishia, na hiyo ya pili anaipenda mpaka anaingiza kichwa mwenyewe. Na mwache ajikung'ute! Usimzuie kwasababu ya ukuta, anaondoa maji mengi kwa sekunde chache kuliko taulo lako.

Kuogesha kwenyewe si kila wiki. Wengi wanatosha na kila baada ya wiki 4 mpaka 8, inategemea manyoya na anapozunguka. Kumchana ndo mara kwa mara.

Na kumchana nilikuwa sijui. Nilikuwa napitisha brashi juu juu, inateleza vizuri, naona imetosha. Sasa nafanya hivi, nashika manyoya kwa mkono mmoja nayainua mpaka nione mstari wa ngozi, nachana kipande kidogo kutoka kwenye ngozi kwenda nje, nashusha manyoya kidogo, mstari mwingine, hivohivo. Nikimaliza nachukua kitana cha chuma napitisha kutoka kwenye ngozi. Kitana kikipita bila kukwama ndo nimemaliza, kikikwama bado. Fundo dogo nalishika kwa vidole kwenye shina lake, karibu na ngozi, ili likivutwa nivutwe mimi, afu naanza kulifungua kwa ncha kurudi ndani. Kwa mbwa wenye manyoya mafupi hakuna haya yote, brashi ya mpira dakika tano na wanaipenda mno, wanakuegemea.

Huko kuegemea ndo nilikotaka kufika.

Mwaka 2003 kuna watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walichapisha kazi yao ambayo walipima damu ya watu na ya mbwa kabla na baada ya kukaa pamoja kwa utulivu, mtu anampapasa mbwa na kuongea naye taratibu. Oksitosini, ile homoni ya mapenzi na kuaminiana ambayo mama anakuwa nayo nyingi akinyonyesha, ilipanda kwa wote wawili. Kwa mtu na kwa mbwa. Na endofini pia, zile zinazotuliza maumivu na kuleta raha. Mwaka 2015 Wajapani nao wakaonyesha kwenye jarida la Science kwamba hata kuangaliana machoni kati ya mbwa na mtu wake kunapandisha oksitosini pande zote mbili. Mimi nikisoma hivo vitu sishangai maana nimeviona sebuleni kwangu lakini nafurahi kwamba kuna mtu alichukua sindano akapima. Ukikaa na mbwa wako unamchana, mikono yako imetulia, pumzi yako imetulia, kuna kitu kinatokea kwenye damu yake na kwenye yako kwa wakati mmoja.

Ila ni pale mguso unapotakiwa na mbwa mwenyewe. Hili ndo nililokosea kule bafuni, na hili ndo watu wengi wanalikosa.

Mbwa akiwa hataki anasema. Anasema mapema sana tena kwa adabu. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anageuza uso pembeni, unaona weupe wa jicho kama mwezi mchanga. Masikio yanarudi nyuma, mkia unaingia ndani, anainua mguu mmoja wa mbele, mwili unakuwa mgumu, na kuna ile kutulia tuli ambayo tunaisifia, "ona alivyo mpole", kumbe ameganda kwa hofu. Na kukulamba mkono haraka haraka unapomgusa mahali fulani. Mnakumbuka kule kwa dokta? Alikuwa anasema tafadhali acha hapo, na mi nilikuwa naona busu. Watu wengi wanaosema mbwa aliuma ghafla bila sababu, mbwa alishasema mara ishirini kwa lugha hiyo kabla.

Mkia nao usiusome vibaya, kutikisa mkia siyo furaha kila wakati. Kuna watafiti wa Italia mwaka 2007 waliona mbwa akimuona mtu wake mkia unaelemea zaidi kulia kwake, akiona mbwa mgeni mwenye ubabe unaelemea kushoto. Mi najaribu kuuangalia wa Pamba, wake una manyoya mengi sana sioni vizuri, ila mwili mzima ukicheza na mkia mpaka kiuno kinakunjika, hiyo ni furaha huhitaji utafiti.

Kwahiyo nikajifunza kumuuliza. Nampapasa sekunde tatu, pale kifuani au begani (juu ya kichwa wengi hawapendi, mkono unatokea juu kama unataka kumkamata), afu naondoa mkono nasubiri. Akisogea, akiegemea, akisukuma mkono wangu kwa pua, naendelea. Akibaki alivyo au akageuka, basi, hatuendelei. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6 na nimemfundisha hivohivo, zamani alikuwa anamkumbatia Pamba shingoni na kumbana kwa mapenzi yote, na mbwa wengi kukumbatiwa hawakupendi wanavumilia tu, sasaivi anakaa chini, anahesabu moja mbili tatu kwa sauti, anatoa mkono. Pamba anamfuata yeye sasa nyumba nzima.

Kucha ndo zilikuwa vita kubwa na nataka nikae hapa kidogo. Kucha zikiwa ndefu ukimsikia anatembea sakafuni zinalia tik tik tik. Huo mlio maana yake kila hatua kucha inagonga chini na kusukuma kidole juu, mbwa anaanza kubadilisha anavyosimama, uzito unarudi nyuma, viungo vinachoka. Mbwa ambaye miguu inamkera hakimbii, asiyekimbia anaboeka, anayeboeka ndo huyo analala siku nzima mnasema mvivu. Na ile kucha ya pembeni juu ya mguu wa mbele haigusi ardhi kamwe kwahiyo haisuguliki, inaweza kukunjika mpaka ikaingia kwenye nyama. Iangalie leo.

Nilimkata Pamba nikafika kwenye nyama. Ndani ya kucha kuna nyama yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kwenye kucha nyeupe unaiona ni ya pinki, kwenye nyeusi huioni, na za Pamba ni nyeusi. Alipiga ukelele mmoja ambao nausikia mpaka leo. Damu haikuwa nyingi, niliibana na wanga wa mahindi ikakata, lakini mguu wenyewe alininyima zaidi ya mwezi. Nikiugusa tu anauvuta chini ya kifua chake.

Tulianza upya kama hatujuani. Wiki ya kwanza kikatio kilikaa tu sakafuni karibu na sahani yake ya chakula. Wiki ya pili nakishika mkononi, anapata kipande cha nyama, nakiweka chini, basi, siku imeisha. Afu nagusa mguu bila kikatio, nyama. Afu nagusa kucha na kikatio bila kukata, nyama. Afu siku moja nikakata ncha ya kucha moja, nyembamba kama karatasi, nikampa nyama nyingi na nikafunga duka kwa siku hiyo. Kucha moja kwa siku. Ilichukua karibu miezi miwili na dada yangu alikuwa ananiambia si mumshike watu wawili mmalize kwa dakika tano, na ni kweli ingeisha kwa dakika tano, na mara ya pili wangehitajika watu watatu. Kwenye kucha nyeusi unakata vipande vyembamba na kila ukikata unaangalia ile sehemu iliyokatwa, ukiona doa jeusi linaanza kutokea katikati, simama, nyama iko karibu. Ukikata kidogo kidogo mara kwa mara ile nyama nayo inarudi nyuma polepole na kucha inaweza kuwa fupi zaidi baadae.

Leo akiona kikatio anakuja kulala ubavu.

Masikio na meno nayapitia haraka. Masikio angalia na nusa kila wiki, njia ya sikio la mbwa inashuka chini afu inakunja kama herufi L kwahiyo usiingize kijiti cha pamba unasukuma uchafu ndani, futa tu unachokiona, na ukisikia harufu mbaya au anatikisa kichwa sana nenda kwa daktari. Meno ana 42, mswaki laini, dawa ya meno ya mbwa tu. Ya kwetu zingine zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo ni sumu kwao, inashusha sukari kwenye damu haraka na inaweza kuua. Meno yanayouma yanamfanya mbwa ajitenge na watu wanasema amebadilika tabia.

Kuna vitu vinaitwa kudekeza ambavyo mimi sivikubali na nasema wazi. Kumpaka rangi manyoya, pafyumu, viatu vya urembo, nguo anazotembea nazo kama roboti huku watu wanacheka wanarekodi video. Nani anapata raha hapo? Na kunyoa kipara mbwa mwenye safu mbili za manyoya eti apate hewa, hapana jamani, mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema na kidogo kwenye nyayo, na yale manyoya yakiwa yamechanwa vizuri ndo yanamkinga na jua. Pamba alinyolewa kwa sababu ya lazima na kwenye yale mabaka ngozi iliungua na jua kidogo, manyoya yalichukua miezi kurudi na mengine yalirudi na sura tofauti. Chana, usinyoe.

Na mbwa aliyebadilika ghafla, mpeleke akaangaliwe kwanza kabla ya brashi na mafuta na kila kitu. Kujitenga, kukataa kula, kujilamba sehemu moja bila kuacha, kuburuta makalio sakafuni, hayo yanaweza kuwa maumivu ya ndani, na kumpapasa hakutibu. Ila hata hapo mkono unaomchana kila siku ndo wa kwanza kujua. Mwaka jana nilikuta uvimbe mdogo ubavuni kwa Pamba ukiwa mdogo kama punje ya njegere, ulikuwa wa mafuta tu si kitu kibaya, lakini niliukuta mimi, mapema, kwasababu naujua mwili wake wote kwa vidole.

Sasaivi ana miaka 10. Kusimama muda mrefu hawezi, magoti ya nyuma yana baridi yabisi, kwahiyo namchana amelala, upande mmoja leo upande mwingine kesho, dakika kumi baada ya chakula cha jioni, taulo ileile, kona ileile, simu iko chumba kingine. Natandika taulo tu, simuiti. Siku nyingi akisikia nalikunjua anakuja na kujimwaga chini kwa ile pumzi nzito ya mbwa, na baada ya muda unaona midomo inalegea, jicho linakuwa dogo, mguu mmoja unaanza kuruka ruka peke yake nikipita pale ubavuni. Na mlangoni karudi. Hakimbii kama zamani, anakuja anachechemea taratibu lakini kiuno kinakunjika huku na huku na kile kisauti cha puani kipo.

Kwapa la kushoto, lile lililokuwa baya kuliko yote, tunaliacha la mwisho. Nasimamisha kitana nasubiri. Kuna siku anainua mguu mwenyewe ananipa, kuna siku anaukunja anaubana kifuani. Akiukunja nakunja taulo tunaenda kulala.